Mistari Minne ya Barua ya Lusaka

Baba yangu, Mzee Mulongo, hakuwahi kuwa balozi. Alianza kama karani wa mafaili katika Wizara ya Mambo ya Nje, akapanda cheo polepole, akastaafu akiwa katibu wa pili wa ubalozi. Lakini hapa Jericho, Nairobi, kila mtu alimwita Balozi, kwa sababu hakuna mwingine katika mtaa wetu aliyewahi kuishi Lusaka, Khartoum, Bonn na New Delhi. Hata shati la kushindia nyumbani alilipiga pasi. Alipostaafu alirudi katika nyumba hii hii ya kaunti, ambako Mama alikuwa amebaki miaka yote, akawa mzee wa kanisa anayefika kabla ya mwenye funguo.

Alifariki Jumapili asubuhi akivaa soksi za kwenda ibadani. Alikuwa amevaa moja. Niliivua, nikaikunja pamoja na mwenzake, nikaziweka kwenye droo. Tangu siku hiyo nafanya kazi inayofuata, kisha inayofuata. Kila asubuhi nasali Baba Yetu, basi. Maneno yangu mwenyewe hayaji. Watu wananiangalia kuona kama nitalia, nami nawakaribisha chai.

Jumatano nilipewa kazi ya kupanga karatasi zake. Baba mdogo Nyongesa, ndugu yake Baba na katibu wa kamati ya mazishi, alikuwa anaandika wasifu wa marehemu, na programu ya ibada ilipaswa kufika kwa mchapishaji saa kumi jioni ili tusafiri nayo kwenda kuzika Kimilili. Nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na pasipoti tano zilizokatwa pembe, kadi za mialiko, na picha ya Baba amesimama nyuma ya wakubwa, nusu ya uso wake imezibwa na bega la mtu. Chini kabisa mlikuwa na barua alizomwandikia Mama, na zile ambazo Mama alimjibu, zimefungwa kwa uzi mmoja.

Barua hizo nazijua. Mama hakwenda shule. Baba aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kibukusu, kwa kuwa alijua msomaji ni mimi. Mama alichambua mboga nikimsomea, kisha alinitajia majibu nami nikaandika. Kwa hiyo kila neno lililopita kati yao lilipitia kwangu.

Nilikuwa natafuta moja, ya Machi 1986. Nilikuwa darasa la saba. Niliipata upesi, kwa sababu mkunjo wake niliukumbuka.

“Mama Ayuma, wizara imenipa nyumba ya vyumba vitatu. Nimechoka kula peke yangu. Njoo na Willis. Ayuma abaki kwa dada yangu kule Huruma amalize shule. Unijibu ili nianze kushughulikia pasipoti yako.”

Ni mistari minne kwa mwandiko wake. Siku ile nilipoifikia, nilijiona nimeachwa Huruma, Mama na mdogo wangu Willis wamepanda ndege. Nikairuka, nikasoma salamu za mwisho.

“Imeisha?” Mama aliuliza.

“Imeisha.”

Majibu yake yalikuwa ya mvua, kikohozi cha Willis na harambee ya kanisa. Kuhusu nyumba, hakuna. Baba hakuwa mtu wa kurudia ombi. Alipokuja likizo hakuuliza, na Mama naye hakuuliza kwa nini haitwi. Aliamini anaonewa aibu. Akina mama wa kanisa walipomchokoza alicheka na kusema, “Nitaenda kufanya nini huko, mtu asiyejua kushika uma?” Nimeisikia sentensi hiyo karibu miaka arobaini.

Niliitia barua mfukoni. Saa nane Baba mdogo akaja na karatasi zake. Mama alikuwa ameketi kwenye godoro sebuleni, na Wayua, jirani anayeuza mboga sokoni, alikuwa akimimina chai. Baba mdogo akavaa miwani, akasoma.

“‘Marehemu alihudumu katika nchi nne akiwa peke yake, kwani mkewe alichagua kubaki nyumbani.’”

“Nilichagua?” Mama akauliza.

“Shemeji, usikasirike. Ndugu yangu mwenyewe aliniambia. Alikuita, ukamnyamazia.”

“Aliniita lini? Kwa king’ora?”

Wayua alicheka, akajiziba mdomo.

“Nyongesa, umeanza kupika maneno hata hatujamzika. Mtu aniite niende kukaa nyumba kubwa nikatae? Mimi niliyekuwa napanga foleni ya maji hapa na mitungi?”

“Shemeji, mimi siwezi kuandika uongo kwenye programu ya kanisa.”

“Basi mwongo ni mimi.”

Hakuna aliyegusa chai. Kisha Mama akanigeukia.

“Ayuma, wewe ndiye ulikuwa unasoma. Kuna siku baba yako aliniita?”

Ningeweza kusema hapana. Jikoni makaa yalikuwa yanawaka, na karatasi ile ni nyembamba. Nafundisha Shule ya Jumapili, na ningependa kuandika kwamba Roho alinisukuma. Sikusikia kitu. Nilitoa barua nikasoma, kwa sauti ile ninayosomea matangazo kanisani.

“Rudia hapo pa kula peke yake,” Mama akasema.

Nikarudia.

“Hayo yalikuwamo siku ile?”

“Yalikuwamo, Mama. Niliyaruka. Niliogopa kuachwa Huruma.”

Baba mdogo alivua miwani. “Ayuma, huyu mtu amekufa akijua kwamba…”

Mama alikuwa anatazama barua, si mimi. “Nyongesa, futa hapo. Andika kwamba aliniita Lusaka, na barua haikunifikia.”

“Mama, ilifika,” nikasema.

“Ilifika hapa. Mimi haikunifikia.”

Baba mdogo akakata mstari wake, akaandika maneno ya Mama kama alivyoyasema, akamsomea mara mbili. Kisha akaondoka kuwahi kwa mchapishaji. Aliwaaga wote, isipokuwa mimi.

Nilikaa kwenye ukingo wa godoro nikafungua barua nyingine. Nilidhani ndiyo kazi inayofuata.

“Weka,” Mama akasema. Akamgeukia Wayua. “Wewe ulifika darasa la ngapi?”

“Kidato cha pili, Mama Ayuma. Lakini kusoma kwangu ni kwa kukwama kwama, utachoka.”

“Nitachoka niende wapi? Njoo hapa. Anza na ya kwanza. Zote.”

Wayua akajipangusa mikono kwenye leso, akaketi mahali pangu. Mimi nikakusanya vikombe nikaenda navyo jikoni. Nilimsikia akianza na nambari ya sanduku la posta, kisha tarehe, kisha jina la mji. Alipokwama kwenye neno alirudi nyuma, na Mama akamngoja. Nilifungua bomba nioshe vikombe, nikalifunga tena, kwa sababu maji yalikuwa yananizuia kusikia.