Kapteni Ionie: 'Sisi Hatukuachwa, Tuliondoka'

Alfajiri, ukungu bado umelala mtoni, na Ionie Prehay amesimama ndani ya Rio Grande, maji kiunoni, anafunga mianzi kwa waya.

"Huu mkaidi kama marehemu baba yangu," anasema, akiupiga mwanzi kofi.

Ana miaka hamsini na nne. Huku milimani Jamaika anaitwa Kapteni, kwa kuwa ndiye mwanamke pekee wa kijiji cha Watchwell anayeteremsha watalii mtoni kwa chelezo cha mianzi na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia.

Aprili iliyopita mlima uliporomoka, ukafukia barabara ya kijiji. Mafuriko yakabeba vyelezo vyake vyote. Siku mbili baadaye watoto wa darasa la sita walikuwa na mtihani mjini. Redio ikatangaza kwamba Watchwell ni "marooned", yaani imetengwa, haifikiki, basi watoto wasubiri mwakani.

"Neno hilo lilinichoma roho," anasema Ionie. "Hilo ni jina letu, Maroon! Limetoka kwa Wahispania, cimarrón: waliwaita hivyo ng'ombe waliotoroka wakakimbilia milimani. Babu zetu wakatoroka utumwa, wakaitwa vilevile. Baadaye mabaharia wakalichukua: wakimtupa mwenzao kisiwani, eti wamem-maroon. Jamani! Aliyejiondokea anageukaje aliyetupwa?"

Akapuliza abengi, pembe ya ng'ombe, kijiji kizima kikaja na mapanga kukata mianzi ya vyelezo vipya vya kuwapeleka watoto. Kikwazo kikawa mwezi. Hapa mwanzi haukatwi mwezi ukiwa mpevu, kwani huoza upesi, na mwezi ulikuwa umejaa kama sinia.

"Utatuzamishia watoto, Kapteni," alilalama jirani yake, mzee Cawley. "Mwanzi huo ni mkosi."

"Uoze mwezi ujao, mzee wangu! Mimi nautaka keshokutwa tu."

Siku ya mtihani waliteremka na vyelezo vitatu vibichi, vizito, watoto wamening'iniza viatu shingoni. Penye mawe, chelezo cha Ionie kikakwama. Maji yakapanda, na mjukuu wake Tavia akaangua kilio.

"Utalia baada ya hesabu!" Ionie akafoka, akauegemea upondo kwa uzito wake wote mpaka kikachomoka.

Chini kwenye ukingo alisimama ofisa wa misaada, Bwana Lindo, na rundo la mablanketi, akingoja helikopta ya kwenda kuwaokoa. Ionie akamrushia kamba.

"Shika, baba! Umekunywa chai wewe?"

"Bado, mama."

Akampa bami, mkate wa muhogo. Ofisa akala huku akicheka kwa aibu.

Matokeo yametoka wiki hii: wamefaulu wote. "Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka," anasema Ionie. Vile vyelezo, kweli, vimeshaoza.

Anavyofunga leo ni vya mianzi iliyokatwa mwezi ukipungua. Anataka kuwafundisha wasichana kazi hii, Tavia akiwa wa kwanza. Chelezo kikubwa atakiandika Maroon, kwa rangi nyekundu.

"Mtalii akiniuliza nani alituacha huku," anasema, akiuchomoa upondo, "nitamwambia, panda. Nikuonyeshe njia tuliyoondokea utumwani kwa miguu yetu."