Nilivyoumbuliwa na Programu ya Chesi

Jamani, mie ndiye mwalimu wa klabu yetu ya chesi hapa Kimara. Nilikuwa nawaambia wanachama kwamba programu za chesi hazina akili, zimekariri tu hatua za mwanzo. Jumamosi iliyopita, mbele ya wazazi, nikataka kuthibitisha. Nikazichanganya kete za mstari wa nyuma ili programu ikose cha kukumbuka, kisha nikacheza nayo.

Haikubabaika. Niliyebabaika ni mie, sikujua hata pa kuanzia. Chai haijapoa, mfalme wangu keshabanwa.

Neema, muuguzi tunayecheza naye, akavuta kiti kando yangu.

"Mwalimu, kumbe aliyekariri ni wewe," akasema kwa upole. "Sogea, tufikiri pamoja."

Aibu ilinijaa, ila namshukuru mno.