Honi Tuliyoinyamazisha

Verlene Padgett aliendesha basi la shule la kaunti yetu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyethubutu kuongea basi lilipofika relini. Sheria ya Florida inamtaka dereva wa basi la shule asimame kabla ya reli, afungue mlango, asikilize, ndipo avuke. Madereva wengine walifungua wakafunga papo hapo, bora liende. Yeye alizima redio, akainua mkono mmoja juu, na sisi watoto arobaini tukafunga midomo mpaka mbu angesikika. "Nataka kusikia," alisema. "Dirisha lina vumbi, masikio hayana." Nilipanda basi hilo tangu darasa la kwanza. Leo nina miaka hamsini na mbili, natengeneza injini za boti, nina upara na magoti mabovu, na bado sijapata ujasiri wa kumwita Verlene tu. Ni Bi Verlene.

Mji wetu wa Tibbals umebanwa kati ya reli na mto wa maji ya chumvi. Nyumba ya Bi Verlene iko hatua sitini kutoka relini, na yangu iko nyuma ya yake. Zamani treni ya mizigo ilipita mara kumi hivi kwa siku, polepole, ikiburura kokoto na magari mapya, na hatukuwa na ugomvi nayo. Kisha ikaja kampuni binafsi ya treni za abiria. Walitaka kujenga njia ya pili kando ya ile ya kwanza, wapitishe treni thelathini na mbili kila siku, za mwendo wa kasi, kuwachukua watu wa maghorofa ya kusini kuwapeleka kaskazini kwenye bustani za michezo. Hapa kwetu zisingesimama. Sisi tungepata vumbi, na kusubiri kwenye mageti ya reli tukiwa tumechelewa kazini. Hilo ndilo lililotuchoma.

Bi Verlene alikwenda kwenye kikao chao cha kwanza akiwa hana ubaya na mtu. Walitundika ramani ukutani. Akaitafuta nyumba yake, hakuiona, mtaa wetu wote ulikuwa umepakwa rangi ya kijani kama pori.

"Mwanangu," alimwambia msichana wa kampuni aliyeshika kijiti cha kuonyeshea, "hapo ulipoandika miti ndipo ninapolala."

"Ramani ni ya kuelekeza tu, mama."

"Basi nielekeze kitanda changu kiko wapi."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa fulana nyekundu. Hiyo ilikuwa sare ya kikundi cha wapinzani wa reli chini ya wakili mstaafu aliyehamia kwetu kutoka kaskazini, Garrison Whitlock, mtu wa maneno laini na viatu vyeupe. Whitlock alikuwa na sheria kichwani, Bi Verlene alikuwa na watu. Nusu ya kaunti aliwahi kuwafokea wakiwa na miaka saba, kwa hiyo alipobisha hodi walitoka. Miaka minne walipigana. Walikwenda mahakamani wakashindwa, wakakata rufaa wakashindwa tena. Njia ya pili ikajengwa, treni zikaanza.

Nisiseme uongo, ile honi ilikuwa mateso. Treni inatakiwa ipige honi mara nne kabla ya kila geti, na Tibbals ina mageti matatu yaliyokaribiana, kwa hiyo ilianza upande mmoja wa mji ikanyamaza upande mwingine. Mke wangu alihamia kulala bafuni, mto kichwani. Mbwa wangu alipoteza akili. Mimi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, moyo unanidunda, na siku nzima nimekunja uso kwa wateja.

Mtu mmoja tu hakulalamika, naye ni Orrin, kaka yake Bi Verlene. Alikuwa na miaka sabini na sita, mvuvi wa mikizi mpaka serikali ilipopiga marufuku nyavu, na tangu hapo aliishi kwa dada yake katika chumba cha nyuma akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Presha ya macho ilikuwa imemla uoni. Alikutambua kwa sauti, na uso wako aliuona kama ukungu. Lakini masikio alikuwa nayo. Kila asubuhi alipita njia ya miguu nyuma ya duka la kufulia nguo, akavuka reli hapo, akaenda kunywa kahawa na kula uji mzito wa mahindi kwenye kibanda cha chambo, akabishana na wazee wenzake mpaka saa nne. Haikuwa njia halali. Palikuwa na kibao cha kukataza, na sisi sote tulipita pembeni ya kile kibao tangu utotoni.

Rufaa ya mwisho iliposhindwa, Whitlock alituita akatuambia bado kuna kitu cha kuokota. Sheria inaruhusu, alisema, mji ukiongeza vyuma vya kuzuia magari kwenye mageti yake, uombe treni zipite kimya, bila honi. Baraza la kaunti litakubali likiona sahihi za kutosha.

Bi Verlene alichukua karatasi akatembea nyumba kwa nyumba, jua la Septemba linamchoma, na mguu wake wa kushoto umevimba. Nilitia sahihi ya kumi na tatu. Sikusoma hata kilichoandikwa juu. Nilisikia neno kulala tu, nikachukua kalamu.

Kwa kaka yake alifika mwisho, kibarazani kwao. Nami nilikuwepo, nimekuja kurudisha ngazi.

"Sitii sahihi," Orrin alisema.

"Kwa nini, we mzee?"

"Verlene, mimi treni naiona kwa masikio. Mkiinyamazisha nitaionaje?"

"Getini kuna kengele."

"Kwani mimi napita getini?"

"Basi uanze kupita getini kama watu wenye akili. Dakika tisa tu zaidi, utakufa?"

"Kahawa itapoa."

"Itapoa ukiwa hai. Wendell, mwambie huyu."

Nikasema, "Mzee Orrin, pita getini." Nilisema kama mtu anavyosema pole kwa aliyejikwaa. Akili yangu ilikuwa kwenye ngazi.

Orrin alimgeukia dada yake. "Wewe ulifundisha watoto wa watu kusikiliza miaka thelathini. Leo unazunguka kuomba kusiwe na cha kusikiliza."

Bi Verlene aliona haya, nilimwona. Lakini alikuwa ameshindwa mara nyingi mno mbele ya watu, na hii ilikuwa ya kushinda. Akamfanya kaka yake aape kwamba atapita getini. Akaapa, mkono mmoja mfukoni kama mtoto anayeficha uongo.

Ukimya ulianza katikati ya Machi. Tuliufanyia karamu, kweli, uwanjani kwa Bi Verlene, na samaki wa kukaushwa kwa moshi na chai baridi ya sukari. Treni ya kwanza ilipopita bila honi tulipiga makofi. Whitlock alimshika Bi Verlene mkono akauinua juu kama bondia. Mke wangu alirudi kitandani. Nililala usiku ule mpaka saa moja asubuhi, na niliamka nikiwapenda watu wote.

Wiki mbili Bi Verlene alimsindikiza kaka yake mpaka getini, wakigombana njia nzima. Wiki ya tatu mguu wake ukazidi, akamwachia aende mwenyewe. Tulimwona akirudi kwenye njia ya duka la kufulia. Nasema tulimwona, maana mimi nilimwona zaidi ya mara moja kutoka mlangoni kwa karakana yangu, nikasema moyoni leo jioni nitamwambia Bi Verlene. Jioni nilikuwa nimesahau.

Ilikuwa Jumanne ya Mei, saa mbili na robo asubuhi. Treni ya mizigo ilikuwa inakwenda kaskazini, ndefu, na Orrin amesimama kando ya njia anasubiri mkia upite. Nilimwona. Behewa la mwisho likapita. Kengele ya geti kule mbali ilikuwa bado inalia, lakini kengele hulia kidogo baada ya treni kwisha, tumezoea hivyo maisha yetu yote. Mkia ukishapita unavuka, kengele ilie mpaka ichoke. Safari hii ilikuwa inalilia nyingine. Ile ya abiria ilikuwa inashuka kusini kwenye njia ya pili, imefichwa na mizigo, haina kelele yoyote ya kuizidi ile iliyokuwa inaondoka. Orrin akaweka mguu relini. Dereva alipomwona ndipo alipopiga honi, fupi, ya kwanza kuisikia baada ya wiki tisa.

Bi Verlene aliisikia akiwa jikoni. Alitoka na kandambili moja mguuni. Nilimzuia pale nyuma ya duka nikimkumbatia kwa nguvu zote, nilikuwa nimeshaona kilichokuwa relini, na yeye hakupaswa kukiona. Hakulia. Alikuwa akiuliza, "Alipita getini? Wendell, alipita getini?" Nikamwambia sijui.

Siku tatu baada ya mazishi Whitlock alikuja na wenzake wawili wa fulana nyekundu. Walileta bakuli la tambi na jibini. Walileta pia bango. Lilikuwa na picha ya Orrin akiwa kijana juu ya boti, wameitoa sijui wapi, na chini yake yameandikwa maneno makubwa: RELI IMEMUUA.

"Tumepata nafasi nyingine, Bi Verlene," Whitlock alisema kwa upole, na nadhani upole ule ulikuwa wa kweli. "Baraza linakutana tarehe kumi. Tukifungua kesi upya na wewe mbele, hakuna jaji atakayetufukuza. Treni ya pili, njia ya pili, ndiyo tuliyoipinga tangu mwanzo. Tulisema mtu atakufa."

"Tulisema," Bi Verlene alijibu.

"Basi."

"Na honi nani aliiomba iondoke, Bwana Whitlock?"

Whitlock alikunja miguu yake yenye viatu vyeupe. "Hilo halihitaji kutajwa na sisi. Mawakili wao watalitaja."

Bi Verlene aliligeuza bango uso chini mezani, akawaambia tambi amezipokea na anashukuru, mengine wabebe waondoke nayo.

Tarehe kumi nilimpeleka mimi barazani kwa gari. Kikao ni asubuhi, saa tatu, na ukumbi ulikuwa mwekundu kwa fulana. Kila raia hupewa dakika tatu kuongea. Whitlock aliongea vizuri, watu wakampigia makofi. Bi Verlene alipoitwa alitembea polepole kwa ule mguu, akashusha kipaza sauti.

"Ninyi mnanijua," alisema. "Kaka yangu aliniambia pale kibarazani kwangu kwamba treni anaiona kwa masikio. Nikamwambia atapita getini. Nilijua hatapita. Nimeishi naye miaka ishirini, mtu huyo hata kanisani alipitia mlango wa nyuma. Nilijua, na nikaendelea kutembeza karatasi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kushindwa. Kampuni nilikuwa nayo ubaya na bado ninao. Wameleta treni ya pili, hilo lao. Lakini ipite kimya niliomba mimi. Sitaki kesi. Nataka honi irudi, leo. Kuna wazee wengine wanapita pale. Kuna watoto wenu wanapita pale, nimewaona, msijifanye hamjui."

Mwenyekiti wa baraza, mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliuliza wenzake kwa macho. Kisha akasema, "Bi Padgett, ukimya tuliuomba kwa sababu ya sahihi mia nne za watu wenu. Wengi wao wako humu. Waliotia sahihi na sasa wanataka honi irudi, wasimame. Nikiwaona wanatosha, barua itaondoka mchana huu."

Bi Verlene aligeuka akatutazama. Hakuinua mkono. Ukumbi ulinyamaza, na kila mtu akajua aliye kando yake anawaza nini, maana tulikuwa tunawaza jambo moja. Mama mwenye duka la kufulia alisimama. Mzee mmoja wa kibanda cha chambo alisimama, na mwingine akasaidiwa kusimama. Nyuma kabisa msichana mmoja, sikumjua. Wanne. Tulikuwa zaidi ya mia humo ndani. Nilihesabu kichwani sababu zangu. Mke wangu ana kazi ya zamu. Mbwa ametulia. Orrin harudi. Watajenga ua pale nyuma ya duka, Whitlock alisema watajenga. Magoti yangu yaliuma na nikayaambia basi, magoti, ninyi ndio mnanizuia. Nikabaki nimekaa.

"Asante," mwenyekiti alisema. "Ukimya utaendelea."

Bi Verlene alirudi akapita mbele ya kiti changu, nikasimama kumfuata, sasa magoti hayana neno. Nikamfungulia mlango wa gari. Alifunga mkanda, akaweka mkoba mapajani, nami nikaendesha mpaka barabara kuu.

"Wendell," alisema, akitazama mbele. "Unalala vizuri siku hizi?"

"Nalala, Bi Verlene," nikamjibu. Na nilikuwa sisemi uongo.