Kikohozi cha Kisima cha Babu

Wakuu wa madawati ya nyuma, daftari letu la visa limenifikia, sasa zamu yangu.

Najua uongo wangu unafahamika hadi Kismayu. Lakini hili ni kweli, na makalio yangu ni shahidi.

Babu alipokufa hapa kisiwani Kudhaa aliacha kisima kimoja na wana wawili. Ami Shee alikichimba pamoja naye, angali mtoto. Ami Kombo ndiye aliyemuuguza. Kila mmoja akasema, "Changu!"

Wakapanga kwenda Kismayu, korti ya Wataliani. Tukaambiwa mpaka jaji aamue, kisima kitafungwa. Tunywe nini, mate?

Sasa naungama.

Babu alikuwa na kikohozi chake: viwili vifupi, kimoja kirefu, kisha "Ya Rabbi." Mimi nakiiga hasa. Nikawa najificha kwenye birika kavu la kuhifadhia maji pale kisimani, mchana kweupe, nakohoa, nikidhani wataogopa wapatane.

Ami Shee akadai Kombo anamroga. Kombo naye hivyo hivyo. Ugomvi ukakolea.

Siku moja kabla ya safari, Mwana Esha, dada yake babu, akawakalisha kisimani. Mimi nimo birikani, koo tayari.

"Hapa mchu hasemi lake," akawaambia kwa Kibajuni chetu. "Shee, sema la Kombo, mpaka Kombo akubali ndivyo. Kisha mbadilishane."

"Shangazi, mimi si kasuku!" Shee akang'aka.

"Kasuku angekuwa kashamaliza."

Shee akakosea mara mbili, Kombo akamrudisha. Mara ya tatu akasema polepole, kama ndiye Kombo: "Nilimwosha baba kwa maji haya miezi yote ya ugonjwa, na kaka yangu hakuja hata kushika kata."



"Ndivyo," akasema Kombo, sauti imempasuka.

Kisha yeye akalisema la Shee: mikono ya mtoto, imechubuka kwa kuvunja mawe.

Wakapatana kisima kiwe cha wote. Shee atengeneze ukuta, Kombo alete kamba na ndoo. Safari ya korti ikafa palepale.

Mimi nimesahau kukohoa. Nimeziba mdomo nisilie.

Ndipo kikaja. Viwili vifupi. Kimoja kirefu. Kutoka chini, majini.

"Ya Rabbi."

Wakuu, mikono yangu yote miwili ilikuwa mdomoni.

Mwana Esha hakugeuka. "Na yeye karidhika."

Ami zangu wakaja moja kwa moja birikani. Wakanichapa kwa zamu, kwa mapatano kamili, kwa kikohozi kisichokuwa changu.

Nililojifunza: jaji angempa mmoja maji na mwingine kiu. Mwana Esha alimpa kila mtu kinywa cha mwenzake.

Siku hizi nikienda kuteka, natoa salamu kwanza.

Anayebisha aandike hapa chini, halafu aje achote peke yake.