Paji la Pili

Siku ya kwanza kazini nilifika kigango cha Mtoni nikiwa nimepiga shati pasi ya mkaa, kola imekakamaa hadi shingo haigeuki. Kigango ni kanisa dogo lililo chini ya parokia, na letu lilikuwa bati, matofali na mabenchi tisa. Paroko, yaani padre mkuu wa parokia, alinikabidhi daftari la mahudhurio, katekisimu na boksi la chaki. Kisha akasema, "Mwalimu, kazi yako ni kuweka neno kinywani mwao. Kulishusha moyoni kuna mwenyewe. Usimwingilie."

Nilicheka kwa adabu. Moyoni nilijiambia, huyu mzee bado hajaniona ninavyofundisha.

Nyinyi vijana mnaochukua chaki leo mnarekodi somo kwenye simu na kulituma kwenye kundi. Wakati wetu katekista, yaani mwalimu wa dini, alikuwa koo. Wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, tuliwafundisha miaka miwili kwa maswali na majibu. Mimi nauliza, wao wanajibu kwa pamoja, mpaka jirani asiye Mkristo naye anajua majibu. Kwaresima ikifika, Paroko alikuja kuwahoji mmoja mmoja. Aliyejibu alibatizwa Pasaka, aliyekwama alingoja mwaka mwingine.

Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kukwama mbele ya Paroko. Siri ya sifa hiyo nitawaambia, maana nimezeeka na sifa hazinisaidii tena: niliwachuja. Wiki chache kabla ya mahojiano niliwauliza mwenyewe, na aliyesitasita nilimwondoa kwenye orodha kama machicha. Nikahamishiwa Goba, enzi hizo vilima na mihogo mitupu; nikachuja. Nikapelekwa Mbezi Beach, kwa wasomi wanaomsahihisha mwalimu Kiswahili; nao nikawachuja, tena kwa raha. Niliporudishwa Mtoni chini ya Paroko mwingine, padre kijana na mpole, sifa yangu ilikuwa imenitangulia.

Ndipo alipokuja Mzee Chitanda. Alikuwa Mmakonde, mchonga vinyago, vumbi la mpingo limemwingia kwenye mistari ya viganja. Mkewe alikuwa Mkristo, na kabla mama huyo hajafa, mzee alimwahidi kwamba atabatizwa. Hakuwa na haja nyingine duniani. Kila Jumamosi asubuhi binti yake, Asteria, alimleta hadi mlangoni, naye akakaa benchi la mwisho. Kati yake na ukuta aliacha nafasi ya mtu mmoja.

Alikuwa hanitazami. Nilipofundisha, aligeukia ile nafasi, akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelezwa jambo. Mara nyingine alicheka peke yake. Siku moja nilikereka.

"Mzee Chitanda, mwalimu yuko huku mbele."

"Wewe unasoma, mwalimu," alijibu bila kiburi chochote. "Huyu ndiye ananieleza."

Neema, muuza chipsi, aliyekuwa kwenye benchi hilohilo, alikusanya daftari na kanga yake akaja mbele.

"Neema, nini tena?"

"Mie pale sikai, mwalimu. Nilikuwaga nadhani ni upepo wa dirishani. Pale hakuna dirisha."

Nilitazama. Kweli, palikuwa na ukuta mtupu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linachoma bati, nami nikamaliza somo nikiwa na baridi mgongoni. Kuanzia siku hiyo benchi la mwisho lilikuwa lake peke yake. Au lao, sijui.

Siku ya kuchuja ikafika. Nikamwuliza, "Mapaji saba ya Roho Mtakatifu ni yapi?" Mapaji ni vipawa ambavyo Mungu huwapa watu bure, na jibu hata usingizini nalijua: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. La pili, akili, si ile ya darasani. Ni ile ya kuyaelewa mambo ya Mungu, na haisomewi.

"Akili," alisema Mzee Chitanda.

"Endelea."

"Ndilo nililopewa. Mengine sijayapata, mwalimu, nitayatajaje?"

Nikalikata jina lake. Hakulalamika. Aligeukia ile nafasi, akasikiliza, halafu akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Anasema mkono wako wa kushoto bado una wino."

Kalamu nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mtupu, lakini niliufumba haraka. Nilipokuwa mtoto, misheni huko kusini, siku ya kuhojiwa kabla ya sakramenti ya kipaimara niliandika mapaji saba kwenye kiganja cha kushoto. Jasho likalifuta la pili. Nikasoma sita, padre akasinzia, nikapita. Sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Niliogopa, na sioni aibu kusema.

"Anasema pia utakuja kwangu Alhamisi," aliongeza mzee akisimama. "Usisahau maji."

Alhamisi ya kwanza ikapita, nikashusha pumzi. Ya pili nayo ikapita. Paroko akaja kuwahoji, wote wakajibu kama kawaida yetu.

"Daftari lina kumi na saba, orodha yako ina kumi na sita," aliniambia.

"Mmoja hajaiva, Padre."

"Nani amemwonja?"

Nilifunga daftari, naye hakunisukuma.

Alhamisi Kuu, mchana, Asteria alinikuta nikifagia kanisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Baba amezidiwa. Anasema uje, na usisahau maji."

Paroko alikuwa kwa Askofu kwenye Misa ya kubariki mafuta, simu yake imezimwa. Mtu akiwa kufani, Mkristo yeyote anaruhusiwa kumbatiza, na somo hilo nilikuwa nimelifundisha mara nyingi kuliko nilivyokula pilau. Nilinunua chupa ya maji dukani, nikaibana kwapani kama mwizi.

Mzee alikuwa amelala kitandani, amekonda. Kando ya kitanda palikuwa na kigoda. Nilipotaka kukivuta, Asteria alinishika mkono. "Hapo hapana, mwalimu. Baba hataki pakaliwe."

Nikapiga magoti upande wa pili.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "mapaji saba ni yapi?"

"Hekima," nilianza. Kisha pakawa patupu. Nilijaribu tena: hekima, shauri, nguvu... Neno nililolifundisha ujana wangu wote na uzee wangu halikuwepo. Nilitazama kiganja changu cha kushoto kama yule mtoto wa misheni. Asteria alinisubiri. Na kwenye kile kigoda, Mungu ni shahidi wangu, kulikuwa na kusubiri pia.

"Sijui, mzee," nikasema. Nililia.

"Haya. Sasa nibatize."

Kwa mkono wa kulia nilimwinua kichwa. Wa kushoto niliukinga, Asteria akanimiminia maji. Mkewe alizoea kumwita Yosefu, basi nikasema, "Yosefu, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," nikimwagia mara tatu. Maji yakaangukia beseni jeupe.

"Mwalimu," aliuliza Asteria, "una kalamu inavuja?"

Sikuwa na kalamu. Maji ya beseni yalikuwa ya bluu.

Mzee aligeukia kigoda, akacheka kile kicheko chake cha darasani. Alifariki alasiri ileile, tukamzika ubavuni mwa mkewe. Paroko nilimweleza yote, hata habari ya kuchuja. Aliniambia niende nikapumzike, na mwakani yeye apelekewe wanafunzi wote, bila kuchujwa.

Mwaka huohuo nilistaafu. Kwenye kuniaga, mwenyekiti wa kigango alinisifu: hakuna mwanafunzi wa mwalimu huyu aliyewahi kukwama. Nikasimama nikasema, "Mwalimu mwenyewe alikwama. Niliulizwa paji la pili nikashindwa." Watu walicheka, wakidhani mzee anatania.

Asteria hakucheka. Alikuwa benchi la mwisho, na kati yake na ukuta aliacha nafasi. Nilikuwa bado na hotuba ndefu mfukoni. Nikageukia kule, nikanyamaza, nikasikiliza.