Matanga Yaliyohamia Mbele ya Televisheni

Watu wengi wanakumbuka walikuwa wapi siku televisheni za dunia zilipomzika yule mke wa mwana mfalme wa Ulaya. Mimi nakumbuka vizuri kuliko wao, na nakumbuka kwa hasira. Nilikuwa Ibra, mji wetu wa Oman, nimekaa mkekani katika matanga ya mama yangu, na wanawake waliokuja kumlilia mama walikuwa wamehamia nyumba ya pili kumlilia mtu ambaye hawakupata kumtia machoni hata siku moja.

Mama alizaliwa Tabora. Baba alimwoa huko huko akaja naye Oman miaka ile Waomani wa Afrika ya Mashariki walipokuwa wanarudi kwao kwa mafungu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, yeye mtoto wa mjini Unguja, na hakuacha mtu asahau hilo. Kiswahili cha mama alikiita Kiswahili cha reli. Mama akiteleza neno la bara, shangazi humgeukia jirani akachekea puani. Mama alikuwa mtu wa kumeza. Alimeza miaka na miaka, na mimi niliyekuwa namtazama akimeza ndiye niliyevimbiwa.

Nyumba zetu zilishikana ukuta. Baba alikuwa ametoboa mlango katika ukuta ule ili dada yake asizunguke njia na jua la Ibra. Upande wa shangazi ndiko kulikokuwa na dishi, la kwanza mtaani petu, kubwa, limesimamishwa uani na mbuzi wakipumzika kivulini mwake. Wanawake walikuwa wakija kwake alasiri kutazama tamthilia za Mexico zilizotiwa Kiarabu, na yeye huwakaribisha kama vile vyakula vya ndani ya televisheni kavipika yeye.

Mama aliugua tumbo, akapelekwa hospitali, akarudi, akafa. Alikuwa hajafika miaka hamsini. Kwetu azaa, yaani matanga, ni siku tatu. Wanaume hukaa sabla, ule ukumbi wa mtaa, na wanawake hukaa nyumbani kwa wafiwa, wakisoma, wakinywa kahawa chungu na tende. Televisheni huzimwa siku zote hizo. Baba aliifunika yetu kwa kanga ya mama mwenyewe kabla hajatoka kwenda kuzika. Na jirani mwenye adabu huzima yake pia, hata kama hajaambiwa.

Siku ya kwanza nyumba ilijaa mpaka barazani. Siku ya pili nikaanza kusikia sauti ukutani. Mwanamume anasema Kizungu kwa huzuni, na juu yake mkalimani anasema Kiarabu, yuko nyuma kidogo, anamkimbiza. Mwanamke mmoja akainuka, akasema anakwenda kujinyoosha mgongo. Akapita mlango ule. Hakurudi. Wa pili akaenda kumwita wa kwanza. Baada ya hapo hawakuhangaika tena kutafuta sababu.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya kumzika yule wa Ulaya. Asubuhi walikuja wengi, wakanipa mkono, wakasema yanayosemwa, wakavuka. Mkekani tukabaki mimi na bibi mmoja wa Kizanzibari, shoga yake mama, ambaye masikio yalikuwa yamekwisha. Yeye alisoma juzuu yake kwa utulivu kabisa. Nadhani alidhani nyumba bado imejaa.

Nikavumilia. Kisha nikatafuta kahawa ya kumpa bibi, nikakuta madele, yale mabirika yake, hayapo. Tende hazipo. Kila kilichoandaliwa kwa ajili ya azaa kilikuwa kimepita mlangoni kwenda kuwahudumia watazamaji. Hapo nikavuka mlango ule.

Chumba cha shangazi kilijaa mpaka madirishani. Ndani ya televisheni farasi walikuwa wanatembea polepole, umati umejipanga njiani, maua yametupwa mpaka huoni ardhi. Mtangazaji wa Kiarabu, tai nyeusi, alikuwa anatueleza marehemu alipenda kula nini, alipenda rangi gani, alicheka vipi. Kisha akasema dunia nzima inalia. Nikawatazama wale wanawake. Walikuwa wanalia kweli! Machozi, kamasi, leso mkononi, na tende za mama yangu mdomoni.

Shangazi aliniona nimesimama mlangoni.

“Taal, njoo ukae,” akaniambia, akanipigia godoro kwa kiganja. “Maskina, tazama wanawe wadogo wale wanavyotembea nyuma ya jeneza. Wallah moyo unanikatika.”

“Shangazi, kule hakuna mtu. Leo ndiyo siku ya mwisho.”

“Najua, najua. Tutakuja kukhitimu hii ikisha.” Akajifuta macho. “Mamako alikuwa mgonjwa, ya binti. Yeye kapumzika. Huyu kafa na ujana wake, na uzuri wote ule.”

Hawakuja. Picha zile zile zilirudiwa mpaka magharibi, farasi wale wale, maua yale yale, na kila zikirudiwa walilia upya. Khitima ya mama tulisoma sisi wawili, mimi na bibi asiyesikia. Baba aliporudi kutoka sabla akauliza wamekuja wengi? Nikamwambia wengi sana, baba, nyumba ilijaa. Alikuwa amechoka na macho yamemwiva, na sikutaka kumwongezea. Lakini ndani yangu niliapa kwamba mwanamke yule atakaa matanga ya mama yangu, apende asipende, hata kama nitangoja mpaka niote mvi.

Nilingoja. Nikaenda kusoma Nizwa, nikaajiriwa huko huko kufundisha, na kila likizo nikirudi Ibra shikamoo ya shangazi nilimpa kama kawaida, mkono nikambusu. Visasi vidogo vidogo sikujinyima. Mwaka mmoja aliniita nimpangie stesheni baada ya umeme kukatika na kila kitu kuvurugika. Nikampangia zote, ila ile ya tamthilia nikaifuta kabisa. Akaitafuta kutwa na rimoti mkononi, anabonyeza, anasonya, na mimi nikamwambia pengine wameifunga. Nilirudi Nizwa nacheka peke yangu ndani ya teksi. Lakini hicho kilikuwa kitafunwa tu, njaa yenyewe haikuisha.

Ikaja harusi ya mwanawe wa mwisho. Ilikuwa miaka ya elfu mbili, dishi limeshakuwa dogo na televisheni imekuwa kubwa, imetundikwa katika majlisi, sebule ya wanawake, ili wageni waione kabla ya kitu kingine. Bi harusi alitoka ukoo wa wakubwa, na kaka zake karibu wote walifanya kazi nchi jirani, katika jeshi la huko. Shangazi alikuwa amejipania. Alileta wanawake wapiga ngoma kutoka Sur, wenye sifa pwani nzima, na uani wakatandika mazulia, wakaanza kupasha ngozi moto. Mimi nilipewa kazi ya kahawa majlisini. Televisheni ilikuwa wazi, sauti imeminywa, msichana wa video anaimba bila kusikika.

Aliyekaa Ghuba anajua jinsi habari hizi zinavyokuja. Haji mtangazaji kwanza. Kwanza wimbo unakatika katikati, inakuja picha ya msikiti au ya mawingu, na kisomo. Stesheni moja ikifanya hivyo huenda ni kipindi tu. Unageuza ya pili, nayo kisomo. Ukikuta na ya tatu imekuwa hivyo, basi huna haja ya kuambiwa, kuna mtu mkubwa kafa, na kinachobaki ni kujua nani. Siku ile nilimwona msichana wa video akitoweka na mawingu yakaingia. Nikachukua rimoti, nikageuza. Kisomo. Nikageuza tena. Chini ikaanza kupita mistari ya maandishi: mtawala wa nchi ile ile jirani, nchi ya mkate wa kaka zake bi harusi.

Wageni walikuwa wamegeukia uani, wanasikiliza ngoma zikijaribiwa. Tulioona ni mimi na shangazi tu. Alinijia mbio, na mikufu yake ya dhahabu inagongana kifuani.

“Zima,” akaninong’oneza. “Zima, mwanangu. Saa moja tu. Bi harusi aingie, ngoma zipigwe, kisha watajua wenyewe, khalas.”

Mwanangu! Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita hivyo. Nilimtazama usoni. Wanja ulikuwa umeanza kumchuruzika kwa jasho. Nilijua harusi ile ni roho yake, na nilijua kuwa nikibonyeza kidude kimoja ataipata, na nikibonyeza kingine ataikosa. Sikufikiri muda mrefu. Nilikuwa nimeshafikiri miaka yote ile.

Nikaongeza sauti. Nikaiongeza mpaka mwisho.

Kisomo kikajaa majlisini, kikatoka uani. Ngoma ya kwanza ikanyamaza, kisha zote. Wanawake waligeuka, wakasoma maandishi, mmoja akajipiga paja, wengine wakaanza kutafuta simu mikobani. Bibi yake bi harusi, mwanamke mkubwa aliyekaa mbele kabisa, akavuta shela yake mpaka kwenye paji la uso.

“Hakuna ngoma tena,” akasema. “Wajukuu zangu wanakula kwa mtu yule, na hata hajaoshwa. Aibu.”

“Lakini, bibi, chakula kimeshapikwa, bi harusi yuko njiani,” shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

“Ataingia kimya kimya. Tuleteeni misahafu. Tumsomee marehemu.”

Wapiga ngoma wa Sur wakazifunika ngoma zao kwa nguo. Nikaleta misahafu yote ya nyumba ile, nikavuka mlango wa ukutani nikaleta na ya kwetu. Wanawake walewale, ndio hasa walewale waliokuwa na leso mkononi mwaka ule, pamoja na wageni wao, wakakaa safu kwa safu na dhahabu zao, na hina mikononi, wakaanza kusoma. Na mimi nikapita nawamiminia kahawa chungu, kwa sababu kahawa ya msiba ndiyo hiyo hiyo. Mtangazaji alipotokea hatimaye, tai nyeusi, kutueleza jinsi marehemu alivyopendwa, sikumsikiliza hata neno. Nilikuwa nimeshanuia. Kila herufi iliyosomwa chumbani mle, thawabu yake niliielekeza Ibra makaburini, kwa mwanamke wa Tabora.

Bi harusi aliingia bila kigelegele hata kimoja, akaonyeshwa pa kukaa. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemsawijika, anatafuta njia ya kutokea aende jikoni akalie peke yake. Nikamfuata na dele mkononi, nikamzibia mlango. Nilimpa shikamoo tena, kwa adabu, maana watu walikuwa wanatutazama. Kisha nikamsogelea sikioni.

“Kaa chini, shangazi,” nikamwambia. “Haya ni matanga ya mama yangu. Safari hii hutoki mpaka tukhitimu.”

Alinikazia macho. Nikaona ameelewa. Nikamwekea msahafu mapajani alipokaa, nikamfungulia mwenyewe Yasini, na nikasimama pale pale kusikiliza kama anasoma.