Taa ya kupigia pasi: jinsi nilivyopona huzuni ya baridi nikiwa Riyadh

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kwenye shift na mlio off.

Haya ni yangu mwenyewe na sijayatia chumvi. Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawa kabisa, hii post nimeifuta mara nyingi. Leo naituma ilivyo.

Nilikuja Saudia kwenye ile miaka ambayo kila mtaa kwetu ulikuwa na agent. Nikaangukia familia nzuri huko Naseem, Riyadh. Madam hana kelele, Baba hana neno.

Shida ilikuja na baridi.

Najua kuna mtu atauliza, Riyadh kuna baridi gani? Iko. Na jua likiwa nje, wewe uko ndani. Nyumba zile zina mapazia mazito na ukuta mrefu ili jirani asiwaone wanawake wa nyumba. Nguo zinakaushwa kwa mashine. Ningeweza kumaliza wiki bila jua kunigusa uso.

Mwaka wa kwanza nilidhani ni kukumbuka nyumbani. Nilikuwa nalala kama mgonjwa na kuamka nimechoka, nakula mkate mtamu bila njaa, nalia nikiosha sufuria. Joto liliporudi, ikaisha yenyewe.

Mwaka wa pili ikarudi, mbaya zaidi. Nilisahau chumvi, nikasahau nguo za watoto kwenye mashine. Kwa mtu kama mimi, kukosea hivyo ni kama kutembea uchi. Nikaanza kujiambia kwamba dunia haingepungukiwa na chochote nisipokuwepo.

Madam akaniambia kwa upole kwamba nisipopata nafuu itabidi anirudishe maktab, ile ofisi iliyonileta. Mliopitia mnajua. Ukirudishwa na jina la ugonjwa, hakuna nyumba itakuchukua, ni ndege tu.

Likizo ya shule ikafika, tukaenda Jeddah kwa Reem, binti yao mkubwa, aliyeolewa Aziziya. Kwake nguo zinaanikwa juu ya paa. Kila asubuhi nilikuwa huko juu na beseni, jua usoni.

Wakuu, nilifufuka. Kabla hatujaondoka nilikuwa naimba.

Reem akanisikia. Akaniuliza kwa Kiingereza mbona mama yake alimwambia kuwa siongei. Nikamweleza yote, hata yale ya dunia kutopungukiwa. Hakucheka. Alifungua kabati akatoa taa bapa, nyeupe, kubwa kama sinia. Aliitumia akisoma ng'ambo, kwenye nchi ambayo jua linazama mapema, na daktari wa huko ndiye aliyemwambia ainunue. Unakaa karibu nayo nusu saa kila siku macho wazi, lakini huitazami moja kwa moja.

Dereva wetu Otieno aliipakia kwenye gari akicheka. "Roza, kwetu taa kama hii tunawawekea vifaranga. Kwani umeanguliwa lini?"

Sasa, mfanyakazi wa ndani atapata wapi nusu saa ya kukaa? Nikafikiria sana. Kazi pekee ninayoifanya nikiwa nimesimama mahali pamoja ni kupiga pasi kanzu za Baba na wavulana. Nikaiweka taa kando ya meza ya pasi. Zile kanzu nyeupe ziling'aa mpaka chumba kizima kikawa kama paa la Jeddah.

Ila kupiga pasi kwetu ni baada ya isha, ili kanzu ziwe tayari kwa kesho. Na mimi kwa kutaka kufaulu haraka, nusu saa nikaifanya masaa.

Usingizi ukakimbia. Moyo ukawa unadunda. Siku moja nikaunguza kola ya kanzu ya Baba.

Madam akanikuta nimeishika. Akaiangalia kola, akaiangalia taa, akachukua simu.

Nikajua ni maktab. Nikaanza kuhesabu kichwani nguo zangu za kufungasha.

Kumbe alimpigia Reem. Akaweka loudspeaker. Reem akauliza naiwasha saa ngapi. Nikamwambia baada ya isha.

"Mama, taa hii ni ya asubuhi. Ni kosa langu, sikumwambia."

Madam akakata simu. "Halas, basi," akasema. "Kuanzia kesho pasi ni asubuhi."

Baba alilalamika kwamba kanzu iliyolala kwenye hanger haina makali. Madam akamwambia pasi iko palepale, anaijua njia.

Basi ikawa hivyo. Watoto wakienda shule, nawasha taa, naanza na kola. Madam alikuja na gahawa yake, ile kahawa ya Kiarabu, akaketi ng'ambo ya meza. Kesho yake akaja tena. Usingizi ulirudi kwanza, halafu ladha ya chakula. Nikaanza hata kumjibu Otieno utani wake.

Asubuhi moja nilimuuliza Madam kwa nini hakunirudisha. Akaweka kikombe mezani.

"Nilipojifungua huyu mdogo, nililia kwenye nyumba hii miezi," akasema. "Hakuna aliyeniuliza kitu."

Akanisogezea sahani ya tende, tukaendelea.

Baadaye alinipeleka kliniki, daktari akasema niendelee hivyo hivyo. Mimi si daktari, kwa hiyo ukiwa na tatizo la macho au unatumia dawa, uliza kwanza. Na kama unawaza kutokuwepo, usingoje taa, mwambie mtu leo.

Nilichojifunza ni kwamba ule uzito haukuwa uvivu wala kukosa shukrani. Mwili ulikuwa unadai asubuhi yake.

Nyinyi mlio Naseem, Hindawiyah, popote penye mapazia yaliyofungwa, baridi mnaipitisha vipi? Andikeni hapa chini. Kama huna nguvu ya kueleza, andika tu "nipo". Nitakujibu.